Nundu Isiyokuwapo

Mume wangu Faraj hakuwahi kumwona dubu aliye hai. Katika watu wote waliomsikiliza akihadithia, kuanzia barazani kwetu Richardson, Texas, mpaka kwa ndugu zake Missouri City, mimi peke yangu ndiye niliyelijua hilo, na nilikaa nalo miaka saba.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa chuo Zanzibar, Faraj alipata viza ya kufanya kazi ya msimu Marekani, akapangiwa hoteli moja iliyo ndani ya mbuga huko Montana. Aliosha sufuria. Aliingia jikoni alfajiri, akatoka jioni vidole vimekunjamana kwa sabuni, akalala. Waliowaona dubu ni wageni. Walirudi na picha zao na kelele zao. Yeye alimwona mmoja tu, aliyekaushwa na kujazwa pamba, amesimamishwa karibu na mlango wa mapokezi, watoto wakimshikashika kucha. Haya alinieleza mwenyewe kwa simu wakati ule, mimi nikiwa Wete kwa mama yangu na Nawal mgongoni, na tulicheka sana.

Baadaye bahati nasibu ya viza ikamwangukia, akarudi Marekani, na mwaka 2011 akatuita mimi na mtoto. Baridi ya kwanza niliikalia ndani ya fleti, sina gari, sina shoga, sina wa kumwambia hujambo. Katika droo ya jikoni nikakuta karatasi iliyokunjwa mara tatu. Kule mbugani kila mfanyakazi alipewa moja siku ya kwanza: namna ya kumtofautisha dubu aina ya grizli na dubu mweusi. Ilikuwa na picha nyingi na sentensi fupi, ikanifaa. Kiingereza changu cha skuli kilikuwa cha kujibia mtihani, si cha kuishi nacho. Nilikaa na karatasi ile na kamusi, neno kwa neno, mpaka nikaijua kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyozijua sura fupi fupi.

Usitazame rangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi ya kwanza. Dubu mweusi ni jina tu. Anaweza kuwa wa kahawia, wa rangi ya mdalasini, hata wa manjano kama majani makavu. Tazama mabega: grizli ana nundu, mweusi hana. Tazama uso ukiwa upande: wa grizli umebonyea kati ya macho na pua, wa mweusi umenyooka. Tazama masikio: ya grizli ni mafupi ya mviringo, ya mweusi ni marefu, yamesimama. Tazama kucha, kama Mungu amekuweka karibu kiasi hicho: za grizli ni ndefu, za mweusi ni fupi zilizopinda. Neno la Kiingereza la nundu ndilo la kwanza nililolitafuta kwenye kamusi nikiwa Texas.

Sasa ile hadithi ya Faraj. Kila Jumamosi jioni wanaume wa kwetu hukutana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wengi ni watu wa ofisi, wahandisi wa kompyuta, wauguzi, mmoja anafundisha chuo kikuu. Faraj anaendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali na kuwarudisha. Ni kazi ya heshima, lakini haina masimulizi. Wenzake walizungumza vyeo na safari za kikazi, yeye akazungusha kikombe mkononi. Siku moja mtu akauliza kama kuna aliyefika Montana, Faraj akasema yeye. Kuna dubu kule, ati? Wapo. Uliwaona? Nilikuwa nimeshika sinia la chai, nimesimama mlangoni. Faraj akaniangalia. Kisha akasema, "Mmoja alikuja mpaka mlango wa jikoni."

Mimi nikainamisha macho, nikamimina chai.

Hadithi ikanenepa kila ilipohadithiwa. Dubu akawa grizli, akawa na urefu wa mlango, na Faraj akawa amesimama mbele yake na kifuniko cha sufuria, anamsemesha taratibu huku moyoni anasoma Auzubillahi, mpaka mnyama akageuka akaenda zake. Watu walimpenda kwa hadithi ile. Walimwita Faraj Dubu, na kwenye harusi ya binamu yake Missouri City waliuzima muziki ili aihadithie. Nilimwona uso wake siku ile, umekunjuka kama wa kijana. Nikasema moyoni, inamdhuru nani? Mke ni sitara ya mumewe. Ndivyo nilivyofunzwa, na sikuwahi kuulizia mpaka wa sitara uko wapi.

Bi Lorene tulimjua kwa sababu ya mbuzi. Alikuwa na shamba saa mbili kutoka Richardson, kaskazini mashariki, karibu na mto unaotenganisha Texas na Oklahoma. Mjane, Mzungu, umri wake sabini na kitu, mwembamba kama ufito. Tangu 2015 tulikwenda kwake kila Iddi Kubwa, tukachagua mbuzi wetu na kuchinja wenyewe nyuma ya banda. Wengine wa huko walitutazama kwa jicho la pembeni. Yeye alituletea maji ya bomba, visu vya akiba na meza ya kukatia nyama. Alijifunza kusema "karibuni". Jina langu, Mahfudha, lilimshinda, akaniita Fuda. Mimi nilimpelekea sambusa, yeye akanipa mabamia aliyoyatia siki kwenye chupa, na kila mara tulipoagana alinikumbatia kwa nguvu, mifupa yake yote nikaihisi. Mama yangu alifariki Wete mwaka 2016 nami sikuweza kwenda kumzika. Bi Lorene ndiye aliyekaa na mimi barazani kwake mchana kutwa, bila kusema lolote la maana, ananimenyea pichi.

Iddi ya 2018 Faraj alimhadithia dubu wake. Bi Lorene aliweka mkono kifuani akasema, "Mimi ningekufa palepale."

Mwezi wa Oktoba mwaka uleule akapiga simu. Kuna kitu kilikuwa kinapindua mapipa yake ya chakula cha mbuzi. Alidhani nguruwe mwitu, akafunga mtini kamera ile inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Asubuhi akakuta picha ya dubu.

"Na si mweusi," alisema. "Hapa hakuna dubu tangu babu yangu hajazaliwa. Nimesikia kwamba wale weusi sasa wanaanza kurudi, wanavuka mto kutoka upande wa pili, na sheria inawalinda. Lakini huyu wangu ni wa kahawia. Faraj, wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyesimama uso kwa uso na mmoja wao. Njoo uniambie ni nini hiki."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Modestus, rafiki yake Faraj, mhandisi wa kutoka Bukoba ambaye naye hununua mbuzi pale kwa ajili ya Krismasi, alisikia habari akaja na gari lake. Hakutaka kukosa.

Bi Lorene alikuwa amezitoa picha kwenye karatasi, akazipanga juu ya meza ya jikoni. Tatu. Katika ya kwanza dubu yuko upande, kichwa kimeinama kwenye pipa. Katika ya pili ameinua kichwa, anatazama mbali. Ya tatu ni mgongo wake tu, anaondoka.

Nilizitazama nikiwa nyuma ya bega la Faraj. Ilinichukua muda mfupi kuliko kusoma jina langu. Masikio yalikuwa marefu, yamesimama kama ya punda mdogo. Uso ulikuwa umenyooka tangu paji mpaka pua. Na mgongo, pale mabegani palipotakiwa kuwa na nundu, ulikuwa umeshuka. Sehemu yake iliyoinuka ilikuwa ya nyuma, kiunoni. Alikuwa dubu mweusi wa rangi ya kahawia, kama aliyechorwa kwenye karatasi yangu.

Modestus alisema, "Kahawia kabisa. Huyu mweusi kwa lipi, macho si tunayo?"

Faraj alichukua ile picha ya pili akaisogeza dirishani, akaitazama sana. Namjua mume wangu. Alikuwa anatafuta kwenye kumbukumbu zake kitu ambacho hakikuwamo.

Nikasema kwa Kiswahili, taratibu, "Baba Nawal, tazama mabega."

"Nimeyaona," akasema bila kugeuka.

Bi Lorene alikuwa amekaa, mikono yake ameifumbata juu ya meza. "Sikiliza," alisema. "Kama ni mweusi, basi. Nitaingiza mapipa ndani ya banda, nikimwona nitapiga kelele, atapita. Hao ni waoga, nimesoma. Lakini kama ni grizli, mimi niko peke yangu hapa na mbuzi arobaini. Nataka kujua tu."

"Mpigie askari wa wanyamapori," nilisema. "Mpelekee picha."

"Nimpigie nimwambie nina grizli Texas, wakati hawajaonekana zaidi ya miaka mia? Watanicheka mji mzima. Kwanza nataka kusikia kwa mtu anayejua." Akamgeukia Faraj. "Ni yeye?"

Modestus alikuwa ameshatoa simu, anarekodi. Faraj akaniangalia, jicho lilelile la siku ya sinia la chai. Kulikuwa na nafasi ndani yake. Leo najua kwamba alikuwa ananiomba nimwokoe, nimpe pa kutokea, niseme tu, "Mume wangu, hebu tusiwe na haraka." Mimi nilifikiri ananiomba ninyamaze. Nikatazama chini.

"Grizli," akasema Faraj. "Bado mdogo. Lakini ni yeye."

Bi Lorene akashusha pumzi. "Asante," alisema. "Angalau sasa najua."

Njiani kurudi, tulikuwa tumeshaikuta barabara kubwa.

"Yule si grizli," nikasema.

"Umejuaje?"

"Kiingereza nimejifunzia karatasi yako ile ya mbugani. Hana nundu. Na masikio yale, Faraj, hata mtoto angeyaona."

Alikaza mikono kwenye usukani. "Basi ungesema."

"Nilikwambia utazame mabega."

"Uliniambia nitazame. Hukuniambia nini cha kuona." Kisha sauti ikamshuka. "Na mie nirudi nimwambie nini sasa? Kwamba nilikuwa naosha masufuria? Modestus ameshairusha kwenye grupu, unasikia simu inavyolia?"

Simu kweli ilikuwa inalia mfululizo. *Mtaalamu wetu amethibitisha*, Modestus alikuwa ameandika chini ya video. Watu walikuwa wanamwaga pongezi, hadi wa Houston.

"Huna haja ya kusema habari za sufuria," nikamwambia. "Mwambie umefikiri tena, huna hakika. Ampigie askari."

"Kesho," akasema. "Nitampigia kesho, nikitulia."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, akaitwa kazini kushika zamu ya mwenzake. Jumatatu aliniambia amesahau, na nilijua hajasahau. Mimi nafanya kazi duka la dawa, nahesabu vidonge na kuvitia chupani, na namba ya Bi Lorene ilikuwa kwenye simu yangu, kwenye mfuko wa koti langu jeupe, siku zote mbili. Nilipopumzika mchana wa Jumatatu niliitoa, nikaifungua namba yake, nikaitazama. Nikajiambia hili ni lake Faraj kulisema. Nikipiga mimi nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya mwanamke mwingine. Nikairudisha simu mfukoni, nikala chakula changu.

Jumanne asubuhi Faraj alikuwa nyumbani, siku yake ya kupumzika, nami nilikuwa bado sijatoka. Simu yake ikalia juu ya kaunta. Aliifungulia sauti.

"Faraj!" Bi Lorene alikuwa anahema, na alikuwa na furaha. "Nimempata! Nimempata grizli wako! Nimeshawapigia, askari yuko njiani. Njooni, nataka uwepo akifika, umweleze mwenyewe. Wataandika gazetini, utaona."

Faraj alikaa juu ya kiti. Akajibu, "Tunakuja." Niliomba ruhusa kazini, tukampeleka Nawal skuli, tukaondoka.

Dubu alikuwa amelala kwa ubavu kando ya zizi, hatua thelathini hivi kutoka mlangoni. Askari alikuwa ameshafika, mwanamume wa makamo mwenye kofia, amepiga magoti pembeni yake. Bi Lorene alisimama na bunduki ya marehemu mumewe imeegemezwa kwenye uzio. Furaha ilikuwa imeshamwondoka. Nadhani alikuwa ameshaambiwa.

Alitusimulia jinsi ilivyokuwa. Saa moja asubuhi alitoka kuwapa mbuzi chakula, bunduki begani, kwa kuwa tangu Jumamosi alikuwa hatoki bila bunduki. Dubu akatokea pembeni ya banda, akasimama kwa miguu ya nyuma kumtazama. "Nikasema, huyu ndiye. Faraj amesema ndiye. Nikapiga."

"Husimama hivyo kunusa," askari alisema. Sauti yake haikuwa na ukali, na ingekuwa nafuu ingekuwa nao. "Anataka kujua wewe ni nani. Ungegonga ndoo, mama, angekimbia mpaka Oklahoma."

Kisha akatuonesha, kama mwalimu. Akapitisha kiganja chake juu ya mabega. "Hapa pangekuwa na nundu." Akashika sikio, likajaa mkononi mwake. Akainua mguu wa mbele, akafungua vidole. Kucha zilikuwa fupi, nyeusi, zimepinda. Za kupandia miti, alisema. Ni jike, la miaka minne au mitano. Huenda ndiye wa kwanza kuvuka upande huu kwa miaka mingi, na walikuwa wanawasubiri warudi.

Faraj alikuwa amesimama mbali kidogo. Kisha akasogea, akachuchumaa, akaweka mkono juu ya manyoya. Nilijua ni mara yake ya kwanza. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa bado ana joto.

"Nani alikwambia ni grizli?" askari akamuuliza Bi Lorene, kalamu mkononi.

Bi Lorene alimtazama Faraj. Alimpa muda. Upepo ulikuwa unapita kwenye bati la banda, mbuzi wamejikusanya kona moja ya zizi, hawali. Faraj alikuwa bado amechuchumaa, mkono juu ya manyoya. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa askari yule. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha.

"Mwenyewe," akasema Bi Lorene. "Macho yangu ni ya kizee. Niliona kahawia nikadhani ni yeye."

Askari akaandika.

Wakamfungulia Bi Lorene shauri. Bunduki ikachukuliwa, ile ambayo mumewe aliirithi kwa baba yake, na leseni yake ya kuwinda ikasimamishwa. Gazeti la kule liliandika kweli kama alivyosema, lakini yaliyoandikwa ni mengine. Kanisani, nilisikia, kuna watu walioanza kumwita mama wa dubu, kwa mzaha. Yote hayo yalimpata katika wiki tatu, na katika wiki tatu hizo mimi na Faraj tulilala kitanda kimoja kama abiria wasiojuana. Alikuwa hali chakula. Usiku wa Alkhamisi moja nilimkuta amekaa sebuleni na ile karatasi ya mbugani mkononi. Akaniuliza, "Kwa nini hukumpigia wewe?" Nikamuuliza, "Kwa nini hukumpigia wewe?" Akaikunja karatasi mara tatu. Asubuhi akasema tukamwambie.

Ilikuwa Novemba, mwisho mwisho. Alitukaribisha jikoni, kwenye meza ileile. Faraj alisema kila kitu, bila kujipunguzia: sufuria, saa za kazi, dubu wa kujazwa pamba, mlango wa jikoni ambapo hapakuja kitu. Alisema kwamba siku ile alipotazama picha hakujua alichokuwa anakitazama. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka, naye si mtu wa kulia.

Bi Lorene alisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia hujui," alisema. "Ingenitosha. Mimi nilitaka mtu wa kuja kukaa hapa na kutazama pamoja na mimi. Grizli wako wa nini kwangu?"

"Nisamehe," Faraj akasema.

"Nimeshakusamehe. Nilikusamehe pale zizini, ndiyo maana sikukutaja. Nilijua umekosea. Sikujua umedanganya." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Fuda? Ulijua habari za sufuria?"

"Nilijua."

"Na picha zile? Ulipozitazama?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka na sitara. "Nilijua tangu ya kwanza," nikasema. "Nilijua si grizli."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma kitu bila miwani yake, muda mrefu, halafu akainuka, akaenda kwenye sinki akafungua maji, akaanza kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Mbuzi wanahitaji maji," akasema akiwa ametupa mgongo. Tukaelewa, tukaondoka. Mlangoni aliniaga kwa kunipa mkono.

Barazani Faraj alisema mwenyewe, Jumamosi iliyofuata. Wengine walicheka wakadhani ni hadithi mpya. Modestus hakucheka, alisema, "Umenifanya nitume uongo kwa watu mia mbili," akachukua koti lake. Walipatana baadaye, lakini ilichukua karibu mwaka. Hakuna aliyemwita tena Faraj Dubu. Hivi sasa anakaa mwisho wa baraza, anasikiliza wengine. Wakati mwingine namwona amepata la kusema, kisha analimeza, nami simlaumu kwa hilo wala simsaidii.

Masika ya 2019 Bi Lorene aliuza mbuzi wake wote. Tulizisikia habari barazani kwa Modestus, aliyempigia simu kuulizia mbuzi. Bi Lorene alimwambia amechoka, umri umekwenda. Huenda ni kweli tupu. Mzee wa umri ule, peke yake, na mbuzi arobaini. Iddi ya mwaka ule tulichinjiwa na duka, nyama ikaja kwenye mifuko. Sijui kama sisi ndio tuliomchosha. Sitajua kamwe, na hakuna wa kumuuliza ila yeye.

Aprili 2020, maradhi yalipotanda na duka letu la dawa likawa na foleni mpaka nje, nilikuwa nahudumia wazee wa umri wake siku nzima kupitia kioo. Siku moja, wakati wa mapumziko, niliingia ndani ya gari langu uwanjani, nikampigia.

Aliitika haraka. Nikamwambia ni mimi, Mahfudha.

"Oh," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuwa nikikufikiria. U mzima?"

"Mimi mzima. Dada yangu ananiletea mahitaji, anayaacha barazani."

"Kama una shida ya dawa yoyote, naweza kukuletea. Si mbali."

"Ni ukarimu wako. Kuna duka hapahapa, wananitosheleza."

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu Novemba ile, kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Nikamwambia, "Bi Lorene, Jumatatu ile nilikuwa na simu mkononi."

"Najua," akasema. Sijui alijuaje. Huenda alidhani tu. "Ujilinde na maradhi haya. Msalimie mumeo na binti yako."

Akakata, kwa upole kama alivyofanya kila kitu. Mapumziko yangu yalikuwa yamebaki dakika kumi na mbili. Nilikaa palepale na mikono juu ya mapaja, watu wakipita kati ya magari na barakoa zao, mpaka zikaisha, nikavaa yangu, nikarudi ndani kuhesabu vidonge.